Seva Yako Imeandikwa "Mbwa Kali" kwa Lugha Gani?

Ukipita Oruba hapa Migori utaona mageti mengi yameandikwa "Mbwa Kali". Mengine hayana mbwa kabisa. Mengine yako naye, lakini ni yule wa kulala kivulini akingoja mabaki ya ugali. Na bado mwenye nyumba alinunua rangi akaandika. Ukitoka nje ya mji kidogo unakutana na lile bati limepigiliwa kwenye mti: shamba hili haliuzwi. Bati haliwezi kumzuia mtu kuuza shamba la babake usiku. Lakini ukishanunua, usije kulia kwa chifu eti hukujua.

Kwenye seva kuna kitu kama hicho, na ndicho nataka tuongee leo. Najua wasee mlikuwa mnangoja ile posti ya simu za bei ya chini. Itakuja. Hii imenikaa kooni wiki tatu.

Kwa wale hawajawahi kugusa seva: ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuhudumia kompyuta zingine. Anayeisimamia haendi kukaa mbele yake. Anaingia kutoka mbali, mara nyingi kwa njia inayoitwa SSH. Skrini nyeusi, maandishi meupe, jina, paswadi, umeingia. Sasa, kabla hujaulizwa paswadi, seva inaweza kukuonyesha maneno. Hayo maneno ndiyo bango la onyo. Linakwambia hii mashine ina mwenyewe, nani anaruhusiwa, na kwamba unachofanya kinarekodiwa. Kwenye Linux maneno hukaa kwenye faili mbili: /etc/issue kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine yenyewe, na /etc/issue.net kwa anayetoka mbali. Halafu unaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya SSH, Banner /etc/issue.net. Usipouongeza, SSH haikwambii kitu. Inakudai paswadi tu, kama konda anavyodai nauli.

Kuna faili ya tatu, /etc/motd, ambayo hujitokeza ukishaingia. Mafundi wengi huweka onyo huko na kuenda nyumbani wakiwa wameridhika. Hiyo ni sawa na kuandika "Mbwa Kali" sebuleni.

Mimi hushughulikia mashine za kliniki kadhaa za mmiliki mmoja, kutoka Migori mjini, Awendo, Rongo, mpaka Homa Bay. Jina sitalitaja, na mkijaribu kubahatisha kwenye komenti nitafuta. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaondoka nilipoitwa, na sikuitwa kuweka mabango. Niliitwa kwa sababu ya kijana wa atachimenti.

Kijana alikuwa ametoka chuoni kufanya atachimenti ya kompyuta kwenye tawi la upande wa Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kubadilisha wino wa printa na kuwasaidia wauguzi wakisahau paswadi. Mchana mmoja, kutoka kompyuta ya mapokezi, aliingia kwenye seva ya rekodi kwa akaunti ambayo fundi wa zamani alikuwa ameiacha. Paswadi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Akafungua faili ya mama mmoja wa mtaani kwao, akasoma, na baada ya siku chache maneno ya ile faili yalikuwa Makongeni, yakavuka Shauri Yako, yakafika sokoni kabla ya mwenyewe. Nyinyi mnajua mji wa ziwa ulivyo. Samaki inaweza kuchelewa kufika, lakini uvumi haujawahi kuchelewa.

Naweka hili wazi mapema: alikosa. Sina huruma na mtu anayesoma faili ya mgonjwa kwa udadisi. Yule mama hajawahi kurudi kliniki hiyo, na siwezi kumlaumu.

Lakini meneja alitaka kwenda polisi, na akataka mimi nimpe ushahidi. Tulikaa ofisini, feni inazunguka bila kuleta upepo, nikamfungulia kumbukumbu za seva.

"Nyathina," akaniuliza, "kwani hiyo kompyuta haikumwambia asiingie?"

"Madam, hiyo ilimwambia karibu."

Alidhani ninamfanyia mzaha. Nikamgeuzia laptopu. Seva ile ukiingia ilikuwa inasema "Karibu", halafu inataja jina lake, halafu toleo la Ubuntu na namba zake zote.

"Lakini ya Migori ina onyo. Mimi mwenyewe nimeliona."

"Ya Migori iko nalo, madam. Hii haina."

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningeajiriwa kwa hiyo kazi: nilizunguka seva zote 11 nikaandika kila moja inamwambia nini mtu anayegonga. Saba zilikuwa kimya, au zinatoa yale maneno ya kiwandani yanayotangaza toleo la mfumo. Moja ndiyo hiyo ya "Karibu". Tatu zilikuwa na onyo refu la Kiingereza, herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, na nilipolisoma vizuri nikacheka peke yangu. Fundi alikuwa amelinakili kutoka kwa jeshi la Marekani. Kulingana na hilo bango, kliniki ya Rongo ni mali ya serikali ya Marekani, na ukiingia bila ruhusa utashughulikiwa na sheria zao. Rongo! Pale kwa stendi ya matatu ya Kisii!

Sasa tusome sheria kidogo, vumilieni. Mimi si wakili, lakini hii imeandikwa kwa lugha ambayo mtu anaweza kusoma. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ni ya mwaka 2018. Wengi wetu tunaijua kwa upande wake mbaya, ule wa kukamata watu kwa sababu ya posti. Kifungu cha 14 ndicho cha kuingia bila ruhusa: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini hicho kifungu hakisemi tu "aliyeingia". Kinataka mtu awe amevunja ulinzi, awe na nia ya kuingia, na awe anajua kwamba hana ruhusa. Anajua. Hilo neno moja ndilo lililonifanya niandike hii posti.

Utamthibitishiaje hakimu kwamba huyu kijana alijua? Paswadi ilikuwa kwenye kabati ambalo yeye mwenyewe alitumwa kuchukua wino. Akaunti ilikuwa ya kila mtu. Mashine ilimkaribisha. Mimi na wewe tunajua kwamba alijua. Moyoni. Lakini korti haipimi moyo kwa jicho, inataka kitu cha kushika. Bango lingekuwa cha kushika: saa fulani, dakika fulani, kabla ya paswadi, aliambiwa.

Na upande wa pili wa hiyo shilingi: kama kijana angekuwa mtu wa heshima aliyepotea njia tu, bango lingempa nafasi ya kugeuka. Ndiyo maana naona hili jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Hapa Homa Bay hatuchukulii "mpelekeni polisi" kama maneno mepesi. Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa huku kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa tuhuma za kuchapisha uongo kuhusu afisa mkuu wa polisi. Akapelekwa Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwao. Sisemi kesi hizi mbili zinafanana, hazifanani hata kidogo. Nasema kabla hujamkabidhi mtoto wa mtu kwa sheria ya kompyuta, hakikisha wewe mwenye kompyuta ulifanya sehemu yako.

Meneja alifikiria usiku kucha. Mwishowe chuo kilijulishwa, atachimenti ikakatizwa hapo, na yule mama aliitwa akaelezwa ukweli wote na meneja mwenyewe, uso kwa uso. Hiyo ya mwisho nilisisitiza mpaka nikaonekana msumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kama data nyeti, na inampa mwenye kliniki saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba data imevuja na kuna hatari kwa mhusika. Mhusika naye ana haki ya kuambiwa. Watu hupenda kusahau hiyo sehemu.

Hili wazo la bango si geni, na halikuanza kama jambo la kutisha wezi. Mwaka 1992, Desemba, kituo cha CERT cha Marekani kilisambaza tangazo kwa wasimamizi wa mitandao. Wanasheria wa wizara ya haki kule walikuwa wameona tatizo: wasimamizi walikuwa wanarekodi kila herufi ambayo wavamizi wanabonyeza, na haikuwa wazi kama kumchunguza mtu hivyo bila kumwambia kunaruhusiwa kisheria. Ushauri ukawa rahisi: mwambie mlangoni. Kwa hivyo tangu mwanzo bango lilikuwa linamfunga hata mwenye mashine. Ukitaka kumrekodi mtu, mjulishe.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mabango mengi ya maofisini huku yanaruka. Yanatishia kwa herufi kubwa, lakini hayasemi kwamba mfanyakazi mwenyewe anarekodiwa. Katiba yetu kifungu cha 31 inalinda faragha, na ile sheria ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujua data yake inatumiwa vipi. Muuguzi anayeingia kazini saa moja asubuhi ana haki ya kujua kwamba kila faili anayofungua inaacha alama. Asipoambiwa, bosi anamchungulia dirishani.

(Mtasikia pia hadithi ya mdukuzi aliyeachiliwa na korti kwa sababu seva ilisema "karibu". Kila darasa la usalama wa kompyuta linaisimulia. Haina jina la kesi, haina mwaka, haina nchi inayotulia. Iacheni darasani. Kifungu cha 14 kinatosha.)

Sawa. Tuseme umekubali. Seva 11, mabango 11. Mtu angefikiri ni kazi ya jioni moja: ingia kwa kila moja, bandika maneno, toka. Na ndivyo yule fundi wa kwanza alivyoanza. Alifanya tatu, akachoka au akaitwa kwingine, na kliniki ikaishi ikiamini "tuna onyo". Nawaambia, onyo lililo kwenye mashine tatu kati ya 11 ni baya kuliko kutokuwa nalo. Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: kama kweli mlitaka watu wajue, mbona hapa mliandika na pale hamkuandika? Jirani akiweka "Mbwa Kali" geti la mbele na geti la nyuma akaandika "Karibuni", utaamini lipi?

Kwa hivyo sikuandika kwa mkono. Nilitumia Ansible. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, baadaye kampuni ya Red Hat ikainunua 2015. Naipenda kwa sababu haihitaji kupanda chochote kwenye seva zako. Inaingia kwa SSH ileile, inafanya kazi, inatoka. Wewe unaandika faili ya maagizo inayoeleza hali unayotaka: faili ya bango iwe na maneno haya, iwe ya mtumiaji mkuu, wengine wasome tu wasiibadilishe, na mstari wa Banner uwepo kwenye mipangilio ya SSH. Huielezi hatua kwa hatua. Unaiambia unataka mwisho uweje. Ikikuta tayari iko hivyo haigusi kitu. Ikikuta mtu amechezea, inarudisha.

Hiyo "inarudisha" ndiyo utamu wote. Ya kwangu inajiendesha kila usiku saa nane. Asubuhi napata ripoti: mashine ngapi ziko sawa, ngapi zimebadilishwa, ngapi hazikupatikana. Wiki ya pili ripoti ilionyesha mashine moja ya Awendo imebadilishwa usiku. Kumbe ilifanyiwa masasisho jioni na faili ya issue.net ikarudi kuwa ile ya kiwandani, inatangaza toleo la Ubuntu kama mhubiri wa stendi. Bila ripoti nani angejua? Mimi singejua mpaka siku ya korti.

Na kwa nini toleo la Ubuntu ni tatizo? Kwa sababu ukimwambia mwizi aina ya kufuli yako na mwaka ilipotengenezwa, umemwokolea muda. Haimaanishi ukificha uko salama, mdukuzi mzuri atajua kwa njia nyingine. Lakini hakuna sababu ya kumkaribisha na kumpa chai. Miongozo ya usalama ya CIS inasema vivyo hivyo: bango liwepo, na lisitaje mfumo. Mimi naongeza: lisitaje pia kilichomo ndani. Usiandike "Seva ya Rekodi za Wagonjwa". Umemwonyesha kabati.

Mahali pa kuwa makini ni ile faili ya mipangilio ya SSH. Ukikosea herufi moja hapo na ukawasha upya huduma, SSH inaweza kukataa kuamka na umejifungia nje. Mtu wa Nairobi ataenda tu ghorofa ya chini kuchomeka kibodi. Mimi nikijifungia nje ya seva ya Homa Bay nikiwa Migori, ni matatu mpaka Rongo, kungoja ijae, halafu nyingine kupitia Rodi Kopany, na siku imeisha. Kwa hivyo maagizo yangu hayagusi faili mpaka yaipime kwanza kwa sshd -t, ile amri inayosoma mipangilio na kulalamika kama kuna kosa. Likipatikana kosa, faili mpya haiwekwi. Na huwa naanza na mashine moja, ile ya Migori iliyo dakika tano kutoka kwangu, kabla ya kuachilia zingine. Dirisha moja la SSH liache wazi wakati unajaribu. Hii si ya bango tu, ni ya maisha yako yote ya seva.

Na tafadhali, usiweke onyo kwa kutumia echo kwenye .bashrc. Nilikuta mashine moja imefanyiwa hivyo. Maneno yale yanajichanganya na mazungumzo ya programu zinazohamisha faili, na nakala za usiku zinakufa bila kelele. Bango la SSH lenyewe halina shida hiyo.

Faida kubwa kuliko zote sikuitarajia. Ili Ansible ifanye kazi lazima uipe orodha ya mashine zako zote. Orodha! Hakuna aliyekuwa nayo. Nilipiga simu kila tawi, nikawaomba wanihesabie masanduku yenye taa. Tawi moja likanitajia mashine iliyo chini ya kaunta ya dawa, imefunikwa kitambaa, juu yake kuna chupa ya maji. Ilikuwa inafanya kazi. Miaka mingapi, wao wenyewe hawakumbuki. Ikawa seva ya 12. Huwezi kuweka bango kwenye geti ambalo hujui unalo.

Sasa lugha, ambayo kwangu ndiyo roho ya hii stori. Lile bango la Kiingereza la Migori lilikuwa pale miaka miwili. Niliuliza watu sita wanaoliona kila siku linasema nini. Wawili walisema ni ya leseni. Mmoja akasema ni ile kitu ya kubonyeza OK. Sasa mtu ataniambia aliwaonya?

Migori ina Wajaluo, ina Wakuria, ina Waluhya, ina wafanyabiashara Wasomali, na ukienda Isebania unachanganyika na Tanzania kabla hujamaliza soda. Kinachotuunganisha wote pale kwa kaunta ni Kiswahili. Na katiba, kifungu cha 7, inakiita lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Si lugha ya utani na matangazo ya sabuni tu. Niliandika hivi:

"Hii ni mashine ya kazi na ina mwenyewe. Anayeruhusiwa kuingia ni yule aliyepewa akaunti kwa jina lake. Kama si wewe, ondoka sasa. Kila unachofanya humu kinarekodiwa, na kinaweza kusomwa na msimamizi au kupelekwa mahakamani. Kuingia bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kama umefika hapa kwa bahati mbaya, mpigie msimamizi."

Chini yake kuna namba ya simu ya ofisi, halafu maneno yaleyale kwa Kiingereza. Kiswahili kiko juu. Mtu mmoja aliniambia inaonekana ya kishamba. Nikamuuliza kama ameielewa. Akasema ndiyo. Basi.

Kwa kompyuta za Windows za mapokezi, maneno hayohayo yanaenda sehemu mbili za rejista, kichwa na maandishi, na mtu lazima abonyeze OK kabla ya kuandika paswadi. Ansible inafika huko pia, ingawa kuandaa Windows ilinitoa jasho.

Msinielewe vibaya, sijasema bango ni ukuta. Fungua kumbukumbu za seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti uone majina yanayojaribiwa usiku kucha: root, admin, test, root, admin. Hizo ni programu, hazisomi. Julai 2023, lile kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoifurika eCitizen mpaka watu wakakwama hawawezi kupata huduma, bango lingesaidia nini? Ungekuwa unauonyesha Mto Kuja kibao cha "Hakuna Njia" ukiwa umeshaingia Nyatike. Huko unahitaji vitu vingine kabisa: funguo badala ya paswadi, milango isiyotumika ifungwe, masasisho, nakala zilizo mbali. Na akaunti ya kila mtu ife. Hiyo ndiyo niliyopigania baada ya bango, kwa sababu bango langu linasema "kwa jina lake" na kliniki ilikuwa bado na akaunti moja ya mapokezi kwa watu wanne. Nilimwambia meneja bango lake linasema uongo. Akasema bajeti. Nikamwambia akaunti ni bure. Akasema atafikiria.

Aliyemaliza huo mjadala hakuwa mimi. Asubuhi ya kwanza ya bango la Kiswahili, dada wa mapokezi Homa Bay alinipigia kabla ya saa mbili.

"Hii kitu imeandikwa jana?"

"Ya Kiswahili ndiyo. Ile ya Kiingereza ilikuwa hapo mwezi mzima."

"Kwa hivyo kila kitu kinachofanywa hapa kinarekodiwa, na sisi wanne tuna jina moja?"

"Ndiyo, sista."

Kimya kidogo. Nasikia mgonjwa anauliza choo iko wapi.

"Omera, nifungulie yangu leo. Leo leo. Kesho ya mtu mwingine isiwe yangu."

Kufikia saa sita wale wengine watatu walikuwa wamepiga pia, na jioni meneja akanitumia ujumbe wa kukubali, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Bado kuna ile mashine ya 12, ya chini ya kaunta. Mfumo wake ni wa zamani mno, na natafuta mahali pa kuhamishia data kabla sijaizima.

Nyinyi mnaofanya kazi mahali pana seva, au hata kompyuta ya cyber, kesho someni lile dirisha mnalobonyeza OK bila kuangalia. Niandikieni hapo chini linasema nini na kwa lugha gani. Jina la ofisi msiweke.